Ramani Kwenye Mgongo wa Najim

Jumatatu, 19 Januari. Siku ya 32 ya ndoa.

Siku thelathini na mbili! Leo asubuhi Najim wangu aliniambia macho yangu yanamsahaulisha chai jikoni. Akaisahau kweli. Ikachemka, ikamwagika, ikazima jiko. Mama yake akapiga kelele uani. Mimi nikacheka peke yangu chumbani. Mapenzi!

Chuoni. Tuko wanafunzi saba wa kuchua mwili. Sita ni wa kujaza viti.

Mwalimu Shuaibu ametangaza mtihani wa vitendo. Jumatano ijayo, tarehe 28. Misuli ya upande wa nyuma, kisogo hadi kisigino. Kila mwanafunzi alete mtu wake wa kulala mezani. Sisi mtu huyo tunamwita "mgongo". Msimamizi anatoka Dar. Atataja jina la msuli, wewe unaweka mkono: unaanzia hapa, unaishia hapa, kazi yake hii. Atakayeongoza anachukuliwa na hoteli moja ya ufukweni. Majaribio miezi mitatu, halafu ajira.

Nafasi moja. Yangu!

Nimeshaiona yote. Ajira. Chumba na sebule Mapinga. Mlango wetu wenyewe, wa mninga, Najim ameuchonga maua kwa mkono wake, na komeo kwa ndani. Komeo kubwa. Kwa sasa tunakaa chumba cha uani kwa mama mkwe, Bi Mwanabaraka, ambaye kila alfajiri anagonga kutuuliza kama tumeamka. Tumeamka, mama. Umegonga.

Mpinzani wangu ni nani? Hakuna. Kuna Mrisho tu, aliyekuwa akiwachua wachezaji wa timu ya mpira huko Zinga. Ananuka mafuta ya karafuu. Ameishia darasa la saba. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Mimi nina kidato cha nne, daraja la tatu. Namwonea huruma.


Jumanne, 20 Januari. Siku ya 33.

Nimejaribu kukariri. Majina hayaingii. Ni Kilatini, lugha ya watu waliokufa, na kwa majina haya sishangai.

Ukutani darasani kuna picha ya mtu asiye na ngozi, kageuka, anatuonyesha mgongo. Nyama tupu, nyekundu, na mishale. Trapezius ule mkubwa unaotoka kisogoni na kutandaza mabegani kama mtandio. Latissimus dorsi ule mpana wa ubavuni mpaka kiunoni. Rhomboid ile midogo kati ya uti wa mgongo na bapa la bega. Basi, hapo nimemaliza. Sehemu ya makalio Mwalimu Shuaibu ameibandika karatasi ya kalenda, kwa heshima. Kwa hiyo darasa zima tunajua kwamba chini ya kiuno kuna mwezi wa Agosti.

Yule mtu wa ukutani si chochote kwa Najim. Najim anachonga milango na vitanda tangu ana miaka kumi na sita. Mgongo wake ni ubao uliopigwa randa na kupakwa vanishi. Ningeweza kuutazama kutwa. Huutazama kutwa.

Mrisho leo kauliza swali la ajabu. Eti mtu akiinua mkono, misuli ya bega inabaki palepale au inahama? Swali la uwanja wa mpira! Mwalimu akafurahi kama kapewa zawadi. Akapoteza nusu saa nzima kueleza kwamba bapa la bega linatembea, na kila kilichoshikamana nalo kinatembea, na ngozi inateleza juu yake, ndiyo maana mchuaji hasomi ngozi, anasoma kilicho chini. Wote wakaandika.

Mimi sikuandika. Nilikuwa nachora jina la Najim pembeni mwa daftari, herufi zenye mikia. Limetoka zuri sana.


Alhamisi, 22 Januari. Siku ya 35.

NIMEPATA!

Nilikuwa nafua mashati ya mpenzi wangu, natazama mikono yangu. Piko ya harusi bado ipo. Imefifia kidogo tu, maua yanaonekana, siku thelathini na tano za sabuni na masufuria! Nikasimama na shati mkononi. Piko haitoki. Najim ana mgongo. Mimi nina kitabu cha misuli.

Nitamchora Najim misuli yote, na majina yake. Herufi ndogo kama vipele vya joto. Msimamizi atakuwa amekaa kule na miwani yake, mimi nimeinama huku. Ataita, nitasoma, nitaweka mkono. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili? Kwa sababu hawana akili.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Chuoni kwetu wanawake wanachua wanawake, wanaume wanachua wanaume. Nikamfuata Mwalimu Shuaibu ofisini. Nikamwambia Mwalimu, huyu ni mume wangu wa halali, kuna mashahidi, kuna cheti, kuna hata video. Akashusha pumzi. Akasema haya, mlete, ila msimamizi ndiye mwenye neno la mwisho siku hiyo. Sikusikia baada ya "mlete". Nilishakuwa mlangoni.


Ijumaa, 23 Januari. Siku ya 36.

Kazi imekamilika! Mgongo wa mkono unaniuma.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimpikia Najim pilau ya kumlaza punda. Sahani mbili na nusu. Akajitupa kitandani kifudifudi, mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine kaukumbatia mto, kama mtoto. Nikalia kidogo kwa jinsi alivyopendeza. Kisha nikachukua njiti ya kiberiti na kikombe cha piko.

Bega la kulia, bega la kushoto. Mipaka kwa nukta, majina kwa herufi. Rhomboid nimeiweka pale pale ilipo, kati ya uti na bapa la bega. Latissimus dorsi ndefu, imezunguka mpaka ubavuni. Ile misuli mirefu ya kando ya uti nimeipa mistari miwili kama reli. Mashavu ya miguu pia, maana suruali alikuwa kaikunja. Alicheka usingizini nilipofika nyuma ya goti. Moyo wangu!

Gluteus maximus, ule wa makalio, nimeuandika kiunoni na mshale kuelekea chini. Mimi ni mke mwenye staha.

Palibaki nafasi kidogo katikati. Nikachora kopa, na ndani A na N, Ashatu na Najim. Sikuweza kujizuia.

Nimemfunika kanga mpaka ikakauka. Ameamka anasema ameota sisimizi.


Jumamosi, 24 Januari. Siku ya 37.

Piko imekolea kuliko nilivyodhani. Herufi nazo zimevimba kidogo. Si vipele tena. Kwa mbali ni kama gazeti.

Najim hana habari. Nani anaona mgongo wake mwenyewe? Asubuhi alioga nje, kwenye bomba la uani, kajifunga taulo. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Nikasikia ungo umeanguka. Nilipotoka, mchele wote uko chini, Bi Mwanabaraka kasimama, kafumba mdomo kwa kiganja.

Nikamuuliza, mama, vipi? Akasema hakuna kitu, mwanangu. MWANANGU! Siku thelathini na saba ananiita "wewe".

Mchana akanipa kichwa cha samaki changu, kile kinono, ambacho hukificha ale mwenyewe. Akanisukumia sahani kwa ncha ya kidole. Hakunitazama usoni. Nadhani ni aibu ya kuanza kunipenda.


Jumapili, 25 Januari. Siku ya 38.

Mama mkwe kaniganda kwa upendo.

Asubuhi kamkalisha mwanawe kwenye kigoda, anamsugua mgongo kwa dodoki na ndimu, eti amuogeshe kama zamani. Kasugua mpaka Najim akasema mama, mimi si sufuria. Haikutoka hata nukta. Piko bora hiyo! Kisha nikamwona anaandika kitu kwenye kipande cha mfuko wa saruji, herufi moja moja, ulimi nje, anatazama mgongo, anaandika. Risiti ya duka, nadhani.

Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama huko kwetu Lugoba wanawake wa ukoo wangu wanajua mambo. Nikafurahi! Nikamwambia ndiyo mama, bibi yangu watu walikuwa wakimfuata kutoka mbali, alikuwa na mikono hatari, na mimi nimerithi, tena Jumatano napewa cheti. Akakaa chini palepale.

Alasiri akaenda Kaole kwa ustadhi wake. Karudi na chupa ya marashi ya waridi, akanyunyizia chumba chetu chote, kitanda, mito, mpaka viatu vyangu. Mimi kanimwagia kichwani. Chumba kinanukia kama siku ya harusi. Nimeguswa sana.


Jumatatu, 26 Januari. Siku ya 39.

Hatari, lakini nimeizima.

Karakana ilikuwa na joto, Najim akavua shati. Mafundi wenzake wakaacha misumeno. Mmoja kampiga picha kwa simu, akamwonyesha. Karudi nyumbani mchana kweupe, simu mkononi, uso kama amesomewa hukumu. Ashatu, hii nini?

Nikaitazama ile picha. Kisha akili yangu, asante Mungu kwa akili yangu! Nikamwambia ni maneno ya mapenzi. Kilatini. Nilitaka abebe mapenzi yangu mahali ambapo yeye hayaoni ila dunia inayaona. Akauliza latissimus dorsi ni nini. Nikasema ni "mpana wa moyo wangu". Na trapezius? "Nitundike shingoni mwako." Na huu mshale? Nikaona haya, nikamwambia huo utaujua baadaye.

Akatokwa na machozi. Mwanaume mzima, vumbi la mbao kwenye kope. Akaniambia hajawahi kuandikiwa hata barua. Kwa dakika moja nilijisikia vibaya. Ikapita.

Sasa shati havai. Kaenda dukani kununua mkate kifua wazi, amegeuza mgongo kwa muuzaji, anamsomea. Nimemwomba Jumatano aje chuoni kwangu. Amekubali kabla sijamaliza, akapaza sauti uani kumwambia mama yake kwamba Jumatano anakwenda kuvua shati mbele ya walimu wa mkewe. Nikamchungulia mama mkwe. Alikuwa anakunja kile kipande cha mfuko wa saruji, anakitia kifuani.


Jumatano, 28 Januari. Siku ya 41.

Naandika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa aibu.

Msimamizi ni Bi Mwajabu. Mwanamke mfupi, miwani minene, vidole kama koleo. Kaingia, katazama orodha, kasema hakuna mtu anayechua mgongo aliokuja nao. Tunabadilishana. Na mwanamume kwa mwanamume. Nikainua mkono. Nikasema huyu ni mume wangu wa halali, kuna mashahidi, kuna video. Akasema basi kamchue nyumbani.

Najim wangu akapewa MRISHO.

Najim hana neno. Kavua shati kama bendera inapandishwa, akalala, mikono kaiweka ubavuni kama alivyoelekezwa. Darasa zima likanyoosha shingo. Mwalimu Shuaibu akasogea. Akasoma. Akafunga macho, akafungua, akasoma tena. Bi Mwajabu akasukuma miwani juu, akauliza hili ni somo la nani.

Kabla sijapata uongo mzuri, mlango ukasukumwa. Bi Mwanabaraka! Buibui, jasho, kipande cha mfuko wa saruji juu kama kiongozi wa maandamano. Bi Mwajabu akamuuliza, kwa upole, "Mama, wewe ni mgongo wa nani?"

"Mimi ni mama wa mgongo huo!"

Akamwaga yote. Kwamba mkwewe kamwandika mwanawe talasimu. Kwamba ustadhi wa Kaole kaisoma kutoka kulia, kaisoma kutoka kushoto, kasema hiyo si Kiarabu wala Kiebrania, labda ni lugha ya majini wa Ulaya. Kwamba mimi mwenyewe nimekiri nimerithi kwa bibi. Kwamba dodoki limeshindwa na ndimu imeshindwa, na ndiyo maana mwanawe anatembea uchi mtaani anatabasamu. Akataka aonyeshwe mwalimu anayenifundisha uchawi. Mwalimu Shuaibu akarudi nyuma hatua mbili.

Bi Mwajabu hakucheka. Akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye picha ya ukutani. Akaweka kile kikaratasi kando ya mishale. Trapezius, trapezius. Latissimus, latissimus. Mama mkwe akatazama mtu asiye na ngozi, akatazama mwanawe, akanitazama mimi. Najim kainua kichwa mezani. Akauliza, kwa sauti ndogo, kwa hiyo siyo "mpana wa moyo wangu"?

Nikamwambia ni yote mawili. Akalaza kichwa tena, lakini taratibu.

Halafu Mrisho. Nilitegemea angalau asome vibaya. Alichofanya? KAFUMBA MACHO! Kasema maandishi yanamchanganya. Akaweka vidole, akamwambia Najim, shemeji, inua bega, shusha, sukuma kiwiko. Akasikiliza kwa vidole kama mtu anayetafuta mdudu ndani ya ubao. Kisha akafumbua. "Hapa pameandikwa rhomboid, Bi. Ila rhomboid yenyewe iko huku, vidole vitatu pembeni. Huyu alipochorwa alikuwa kainua mkono." Bega moja lote limehama! Trapezius imeandikwa begani kwa jirani yake. Bi Mwajabu akaita wote waje waone. Mume wangu kageuzwa kifaa cha kufundishia makosa. Kumi na tano kwa kumi na tano. Hata gluteus kapata, eti anaijua kutokana na mabeki.

Kaniangalia kwa huruma. Yeye! Mimi!

Na mimi nikachua nani? Migongo ya kike ilikuwa imepungua mmoja. Bi Mwajabu akamwambia Bi Mwanabaraka, mama, umeshafika, lala. Akakataa. Akaambiwa ndiyo njia ya kuhakikisha mwenyewe. Akalala na kanga zake mbili, ngumu kama gogo, ananong'ona dua.

Nikaulizwa latissimus dorsi. Nikaitazama kanga. Kanga ina maandishi, lakini si hayo. Nikaweka mkono mahali. Sipo. Nikaweka kwingine. Sipo. Majina manne tu kwa kumi na tano.

Nikabaki nimeshika bega lake kwa kukosa pa kwenda. Chini ya kidole gumba nikakuta fundo, gumu, kama jicho la ubao. Nikaliegemea tu, kwa unyonge. Nikaegemea. Likalegea. Mama mkwe akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ya mtu aliyetuliwa ndoo. Dua ikaishia katikati. Akaanza kukoroma.

Kukoroma! Kwenye mtihani wangu! Dharau iliyoje.

Bi Mwajabu kaja, kagusa pale nilipogusa, kaandika muda mrefu. Kasema mikono yangu ingekuwa ya mtu mwingine yeyote, angefika mbali. Nimefeli.


Alhamisi, 29 Januari. Siku ya 42.

Nafasi kapata Mrisho. Hongera zake na karafuu zake.

Lakini! Mwalimu Shuaibu kapiga simu. Hoteli ina wageni wa kike, na wageni wa kike Mrisho hawachui. Wanataka na mwanamke. Bi Mwajabu kanitaja mimi, na kanipa mtihani wa marudio, Jumatano tarehe 11 Februari. Kasema mikono ninayo, nijifunze majina, tena niyajifunze kwenye mwili. Kasisitiza: kwenye mwili. Safari hii, kwa kuwa wengine wamemaliza, nije na mgongo wangu mwenyewe. Wa kike.

Mapinga, bado upo!

Najim leo kavaa shati. Kaniuliza kama kuna lolote nililomwambia ambalo ni kweli. Nikamwambia A na N. Akafikiri. Akavua shati, akaomba kioo cha mkononi na cha ukutani, akajipinda mpaka akaliona lile kopa. Kasema basi hilo lisitoke. Nampenda mpaka naumwa.

Mama mkwe naye kanikalisha. Nikajiandaa kufukuzwa. Kumbe bega lile linamuuma tangu anamnyonyesha Najim. Jana usiku kalilalia kwa mara ya kwanza. Kaomba radhi, kwa namna yake: kasema kama ni uchawi, basi uendelee. Kuanzia leo namchua kila siku baada ya adhuhuri. Na Mapinga kakubali. Chumba kitakuwa chake, sisi tutalala sebuleni.


Jumamosi, 31 Januari. Siku ya 44.

Siku ya tatu namchua mama mkwe. Analala kabla sijafika kiunoni. Nyumba kimya, Najim yuko karakana, jua kali nje.

Nimejitathmini kwa dhati kuhusu Jumatano iliyopita. Kosa langu lilikuwa nini? Nimeliona. Herufi zilikuwa ndogo, na kopa lilichukua nafasi. Basi. Mengine ilikuwa roho mbaya ya Mrisho.

Bi Mwajabu mwenyewe kasema nijifunze kwenye mwili. Mwili huu hapa, halali, wa kike, na tarehe 11 umeshakubali kuja. Kitabu kiko wazi juu ya mto. Piko nimeikoroga nzito, na njiti mpya.

Mama mkwe kalala kifudifudi, anakoroma, mikono yote miwili kaitupa juu ya kichwa, kama mtoto. Kama mwanawe. Imenigusa sana.

Naanza na rhomboid.